Chumba Ambacho Hakikuagwa

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, msimamizi wa nyumba alifika na bisibisi akaanza kuufungua mlango wa chumba namba nne. Mlango ulikuwa na bawaba tatu, na kila bawaba ilikuwa na skrubu nne, isipokuwa ile ya chini iliyobaki na mbili tangu mwaka juzi. Alifanya kazi polepole, kila skrubu akiitia mdomoni ili isipotee. Mpiga pasi, mpangaji wa chumba hicho, alipomuuliza kama hata chai ya mwisho hawaruhusiwi kunywa, hakuweza kujibu kwa sababu ya zile skrubu. Alitikisa kichwa tu. Kung'oa mlango ndiyo njia aliyoizoea ya kumtoa mpangaji: haina kelele, haina polisi, na mlango wenyewe unatumika tena.

Wapangaji hawakuwa wamekosa lolote. Barabara iliyopita mbele ya nyumba ilikuwa inawekwa lami. Lami yenyewe ilikuwa bado iko mbali kule kwenye mzunguko, lakini kodi mpya ilikuwa imeshawasili, na ilikuwa mara mbili ya ile ya zamani. Mpiga pasi alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, ananyoosha mashuka na makoti ya madaktari kuanzia saa moja asubuhi. Mume wake alikuwa mlinzi wa ghala la saruji. Walikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na mmoja, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuzimika, na mama yake mlinzi, ambaye wote walimwita Bibi. Kodi ya zamani waliiweza kwa kujibana. Hii mpya, hata wangejibana mpaka wakaishiwa pumzi, wasingeiweza.

Wiki tatu walikuwa wametafuta chumba kingine pamoja na dalali mmoja mwembamba aliyejulikana kwa jina la Bado Kidogo. Jina alilipata kwa kazi yake. Ukimuuliza nyumba iko wapi anasema bado kidogo, ukivuka daraja anasema bado kidogo, na ukifika unakuta nguzo ya zege katikati ya chumba, ambayo yeye anaiita mapambo. Aliwaonyesha chumba ambacho ili uingie ilibidi upite chumbani kwa mtu mwingine aliyekuwa amelala. Aliwaonyesha kingine ambacho mwenyewe alitaka watu wazima wawili wasiopika. Mwenye nyumba wa tatu alisema hana tatizo na mzee asiyeona, ila umeme atalipa sawa na wengine.

Kwa maana Bibi alikuwa haoni, na hapo ndipo shida yote ilipokuwa. Ndani ya namba nne, baada ya miaka tisa, alitembea kama mtu mwenye macho manne. Kutoka kitandani hadi kwenye ndoo ya maji ni hatua nne. Kutoka kwenye ndoo hadi kwenye jiko ni mbili. Ukinyoosha mkono wa kushoto unaugusa msumari, na kwenye msumari unatundika kitambaa cha kichwa. Alipika, alifagia, alimkaripia Redio akiwa amemwelekea sawasawa. Lakini mwaka mmoja alipelekwa kwa binti yake kukaa mwezi, katika nyumba asiyoijua, na mwezi mzima alikaa ukingoni mwa kitanda kama mzigo unaosubiri kuchukuliwa. Wiki ya tatu aliacha hata kuongea. Mpiga pasi ndiye aliyekwenda kumrudisha, na hakutaka kuyaona tena yale.

Kwa hiyo kila chumba walichoonyeshwa, Bibi aliingia kwanza, akanyoosha mikono yote miwili, akasikiliza, kisha akasema, "Humu simo." Hakulalamika. Alisema kama mtu anayejibu anapoitwa jina lisilo lake.

Mpiga pasi alikuwa na tabia moja ambayo mumewe aliicheka. Asubuhi, akiwa wa mwisho kutoka, aligonga fremu ya mlango mara mbili na kukiaga chumba. "Haya, tumetoka. Baki salama, jioni tupo." Mama yake ndiye aliyemfundisha kwamba mtu hatoki mahali kimyakimya kama aliyeiba. Redio alizoea kuitikia kwa sauti nzito kwa niaba ya chumba, "Nendeni salama." Kwa miaka tisa haikupita asubuhi hata moja bila maneno hayo.

Jumamosi ile hakukiaga. Alikuwa na hasira ya kukata pumzi, na msimamizi alikuwa amesimama pale pale, mlango ameukumbatia kwapani, akisubiri wapishe. Mpiga pasi hakutaka mtu wa namna ile amsikie akiongea na ukuta. Alijifunga kitambaa, akainua kidevu, akatoka bila neno. Hilo ndilo lilikuwa kosa, na matokeo yake yalianza kuonekana kwenye kona ya pili.

Mlinzi alikuwa anasukuma mkokoteni wenye kitanda, magodoro, jiko, masufuria na ndoo. Bibi alikuwa ameushika kwa nyuma. Redio, aliyekuwa wa mwisho, aligeuka kutazama nyuma.

"Mama, chumba kinakuja."

"Tembea."

"Kinakuja kweli. Ila hakina mlango."

Mpiga pasi aligeuka. Namba nne ilikuwa hatua kama thelathini nyuma yao, katikati ya barabara, na ilikuwa inakuja. Haikuwa na miguu wala magurudumu. Ilikuja tu, kwa mwendo wa mtu aliyebeba sinia la vikombe. Ilikuwa na bati zake nne, dirisha lake lenye nondo mbili, na sakafu yake yenye ufa. Kuta ilizochangia na majirani ilikuwa imezigawa kwa unene, nusu imekuja nazo na nusu imewaachia namba tatu na namba tano, kwa haki kabisa.

Fundi viatu wa kona ya pili alivuta kigoda chake kukipisha chumba, kilipopita akakirudisha. Gari dogo lilipiga honi, chumba kikasogea kushoto. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alichungulia dirishani.

"Kina mtu?"

"Kina wenyewe," alisema Redio.

"Wanahama lini?"

Nyuma ya mama yule alisimama kijana mwenye begi, na nyuma ya kijana mume na mke wenye karatasi ya namba za simu za madalali, na kabla ya kona ya tatu foleni ilikuwa ya watu kumi na wanne. Chumba kutembea hakikumshughulisha mtu. Kilichowatoa macho ni kwamba kilikuwa kitupu.

Mpiga pasi alisimama. Chumba nacho kikasimama, sasa kiko mgongoni mwao kabisa. Alipiga hatua mbili, kikasogea kiasi cha hatua mbili.

"Ulikiaga?" aliuliza Bibi bila kugeuka.

"Leo sikukiaga, mama."

"Basi. Kingejuaje kama kinatakiwa kubaki?"

Bibi aliuachia mkokoteni, akanyoosha mkono, akaukuta ukuta mahali ulipokuwa daima. Aliinua mguu mahali penye kizingiti, akaingia. Wakamsikia akifika mahali pa kitanda, kisha akihesabu. Hatua nne, kisha sauti kali: "Ndoo iko wapi?"

Mlinzi alikimbia na ndoo. Bibi aliipokea, akaiweka, akapiga hatua mbili, akanyoosha mkono wa kushoto, akatundika kitambaa chake.

"Humu nimo," alisema.

Mpiga pasi aliangua kicheko katikati ya barabara. Wiki tatu hakuwa amecheka hata kidogo, na sasa kicheko kilimjia chote kwa mkupuo, mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtoka, mpaka mlinzi naye akaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Walishusha kila kitu kutoka kwenye mkokoteni wakakiingiza ndani hapo hapo, kitanda kwenye alama zake za kitanda, jiko kwenye doa lake la moshi. Foleni iliwasaidia kubeba, kwa matumaini. Kisha mlinzi akaenda kuurudisha mkokoteni kwa mwenyewe, na mpiga pasi akampigia simu Bado Kidogo.

Bado Kidogo alikuja mbio. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alikizunguka chumba mara moja, akagonga ukuta, akajipiga paji la uso kwa furaha.

"Dada, kazi imekwisha! Wateja wangu wote wana pesa kidogo na hawana chumba. Wewe chumba unacho! Sasa tunatafuta pa kukiweka tu."

"Ni mbali?"

"Bado kidogo."

Wakaondoka wote kwa shangwe, Bado Kidogo mbele akinyoosha mkono kama askari wa barabarani, familia katikati, chumba nyuma, na Bibi dirishani akiuliza kila jengo linalopita ni la nini. Redio alimtangazia kila kitu, hata rangi. Mpiga pasi alikuwa kama mtu aliyepokea habari njema kwa simu na kwa furaha hajui aiweke wapi ile simu. Alikuwa na hakika kwamba kabla ya saa sita mchana watakuwa na anwani.

Mahali pa kwanza palikuwa kiwanja wazi karibu na tangi la maji. Kilikuwa na majani yaliyofika kiunoni na mbuzi mmoja. Miaka yote hakuna aliyewahi kumwona mwenyewe. Chumba kilipoweka kona yake moja juu ya majani, mwenyewe akatokea, amevaa kandambili na ana hati mkononi. Alitaka malipo ya ardhi sawasawa na kodi mpya ya namba nne. Bado Kidogo alimbembeleza. Mwenye kiwanja alisema hata yeye anasikia lami inakuja.

Mahali pa pili palikuwa nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, penye kamba za kuanikia. Mkuu wa ufuaji alitoka na futi, akakipima chumba, akakiri kwamba kinaenea na kwamba kwa mpiga pasi kufika kazini ingekuwa rahisi mno. Kisha akasema eneo lile limetengwa. Alipoulizwa limetengwa kwa ajili ya nini, alisema hajui, limetengwa tangu kabla hajaajiriwa.

Mahali pa tatu hawakupachagua. Chumba kilikuwa kimesimama kando ya barabara ili Bibi apate kuipua maji ya moto, na msichana mwenye fulana ya kung'aa akaja na mashine ya tiketi za maegesho. Alikizunguka. Hakuna aliyembishia, alikuwa kazini.

"Hiki nikiandike gari dogo au lori?"

"Ni chumba," alisema mpiga pasi.

"Chumba hakimo kwenye mashine." Alifikiri. "Kina dirisha na kina abiria. Naandika basi dogo." Alibandika tiketi ukutani, akaenda zake.

Ilipofika alasiri miguu ya wote ilikuwa imevimba, ila furaha ilikuwa haijaisha, kwa sababu Redio alikuwa ameona upenyo. Ulikuwa kati ya duka la dawa na stoo ya viatu, mwembamba, wa kupita mtu mmoja na baiskeli. Chumba kilikuwa kipana mara mbili yake.

"Hakiingii," alisema mlinzi.

"Kiulize kwanza," alisema Bibi kutoka ndani.

Mpiga pasi alikiendea, akaweka kiganja kwenye ukuta, akakiambia kwamba hawana pengine. Chumba kilikaa kidogo. Halafu kikajikaza kisabuni. Bati zilikunjana kidogo, dirisha likawa jembamba, masufuria yakalia. Foleni ya watafuta vyumba, ambayo sasa ilikuwa na watu arobaini, ilianza kuhesabu kwa pamoja, moja, mbili, tatu, na kila walipofika tatu chumba kilisogea kiasi cha shubiri. Wauza duka wa pale walitoka nje. Mtu alipiga makofi, wote wakapiga. Kwenye "tatu" ya kumi na moja chumba kiliingia chote, kikatoa pumzi, vumbi likaruka mpaka ng'ambo ya barabara, na watu wakalipuka kwa kelele. Redio alicheza katikati ya barabara. Mlinzi, mtu mzito asiye na makuu, alimbeba mkewe juujuu mbele za watu. Bado Kidogo alikaa chini kwenye lami akisema kwamba miaka kumi na saba ya udalali, sasa ndiyo ameona faida yake.

Kwa robo saa walikuwa na anwani. Kisha akaja mwenye duka la dawa kudai kodi kwa sababu chumba kimeegemea ukuta wake wa kulia. Akaja mwenye stoo ya viatu kudai kodi kwa sababu kimeegemea ukuta wake wa kushoto. Kila mmoja alidai kodi nzima. Wa tatu, aliyekaa ghorofani kwa nyuma, alidai upepo wake uliozibwa. Chumba kilitoka kinyumenyume, kwa shida kuliko kilivyoingia, na kikaacha rangi ya bluu kwenye kuta zote mbili.

Jioni ile kilizunguka taratibu uwanja wa mpira. Mlinzi wa uwanja alimfahamu mwenzake wa ghala la saruji, na alisema sheria inakataza kuegesha tu, kinachozunguka hakijaegeshwa. Familia ililala ndani ya chumba kinachotembea, na wakalala vizuri.

Jumapili alasiri waliitwa kwenye ofisi ya mtaa. Mwenye nyumba alikuwa ameshafika, mzee mpole mwenye viatu safi, na msimamizi wake kando. Mama mwenyekiti wa mtaa alikuwa ametoa meza nje kwa sababu ndani kusingeenea chumba. Watu walijaa pande zote, pamoja na foleni, ambayo haikuwa imeondoka.

"Namba nne ni mali yangu," alisema mwenye nyumba. "Nimeijenga mimi. Niliwatoa hawa, sikukitoa chumba. Nakitaka."

Mama mwenyekiti aliwatazama wapangaji.

"Pale tulipokuwa pameshapangishwa," alisema Redio kabla hajaulizwa. "Kuna mwalimu ametundika turubai juu. Mlango wetu uko pale pale, na analipa mara mbili."

"Ni kweli?" aliuliza mama mwenyekiti.

"Lile ni pengo," alisema mwenye nyumba. "Lina hewa ya kutosha. Hiki ni chumba. Ni vitu viwili tofauti."

Msimamizi aliitikia kwa kichwa. Mama mwenyekiti aliandika kwenye daftari kwamba ni vitu viwili tofauti. Baada ya hapo alisema kesi za mbuzi wanaogombewa huwa anaziamua kwa kumwachia mbuzi mwenyewe, na hakuona kwa nini chumba kinyimwe haki anayopewa mbuzi. Kila upande utaelekea njia yake, na chumba kitafuata kinayemtaka. Ndani asibaki mtu.

Mpiga pasi aliingia kumtoa Bibi. Alimkuta anakunja nguo kitandani, kila nguo mahali pake, akijiimbia. Hapo ndipo hofu ilipomshika mpiga pasi barabara. Jana yote alikuwa amecheka na kukimbia, na hakuwa ameruhusu wazo hili limfikie: kwamba chumba kikienda, mwanamke huyu atakaa ukingoni mwa kitanda cha mtu mwingine, mikono mapajani, mpaka aache kuongea.

"Mama, tunatoka kidogo."

"Nakiaga au sikiagi?"

"Usikiage," alisema mpiga pasi, akamshika mkono.

Walimsimamisha Bibi kando ya meza na fimbo yake. Mwenye nyumba alielekea kushoto, kwenye barabara ya lami. Mpiga pasi, mumewe na Redio walielekea kulia, kwenye vumbi. Chumba kilibaki katikati.

"Namba nne!" aliita mwenye nyumba, akapiga makofi. Chumba hakikusogea. "Namba nne, nitakupaka rangi! Nje na ndani!"

Kipande cha plasta kilianguka.

"Nitakuwekea dari!"

Miaka tisa wapangaji walikuwa wameomba dari. Chumba kiligeuka polepole, dirisha likamtazama mwenye nyumba. Redio, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na la kusema. Mpiga pasi alitaka kukiita, akakumbuka kwamba miaka yote ile hakuwahi kukiita. Alikuwa akikiaga tu, kwani kukikuta kipo jioni lilikuwa jambo la kawaida. Alifungua mdomo na hakujua chumba kinaitwaje.

Bibi alichoka kusimama. Hakuna aliyemwambia kinachoendelea, na jua lilikuwa linamchoma. Alivua kitambaa cha kichwa. Kwa mazoea alipiga hatua nne mbele, akageuka, akapiga mbili, akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta msumari. Palikuwa na hewa tupu. Mkono wake ulibaki juu, ukipapasa, ukashuka kidogo, ukapanda tena.

Chumba kiliacha kumtazama mwenye nyumba. Kilikuja upesi kuliko kilivyowahi kwenda, meza ya mama mwenyekiti ikasukumwa, daftari likaanguka, na kikajiweka kumzunguka Bibi, taratibu mwishoni, mpaka msumari ukafika chini ya mkono wake. Bibi alitundika kitambaa.

"Mmenichelewesha na jua lote hili," alisema.

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka hospitalini. Watu walirukaruka, walikumbatiana wasiofahamiana, foleni iliwabeba mlinzi na Bado Kidogo kwa pamoja. Mpiga pasi alikuwa ameegemea ukuta wa chumba analia waziwazi, na Redio alikuwa anamtangazia bibi yake kila kitu kilichotokea, ingawa Bibi ndiye aliyekuwemo.

Mama mwenyekiti aliokota daftari, akalipangusa vumbi, akasoma uamuzi. Chumba kimempenda mpangaji, hilo halina ubishi. Kodi ni ya mwenye nyumba, hilo nalo halina ubishi. Ila kwa kuwa chumba hakiko tena mbele ya barabara ya lami, kodi itakuwa ile ya zamani. Kuhusu mahali pa kukiweka, ofisi yake haina ardhi. Mwenye nyumba alitia saini bila kinyongo. Alikuwa amekuja na chumba kimoja kinacholipiwa, na sasa alikuwa na viwili, cha kutembea na cha hewa.

"Kodi tunaiweza!" alisema mpiga pasi, akiwa amemshika mumewe shati. "Ile ya zamani tunaiweza!"

"Sasa ni kiwanja tu," alisema Bado Kidogo.

Kabla jua halijazama, kila mtaa ulikuwa umesikia kwamba ukitoka bila kuaga, chumba kinakuja. Jumatatu ilikuja namba tano na mpangaji wake, mama wa mapacha. Jumatano ilikuja namba saba, ikafuatwa na namba mbili. Mwisho wa mwezi ulipofika na wasimamizi wakaanza kupita na bisibisi zao, wapangaji wa mji mzima walitoka kimya, videvu juu, na vyumba vikatoka nyuma yao kwa makumi. Ilikuwa raha kuviona. Vilitembea kwa mstari mmoja, madirisha wazi, watu wakiombana chumvi kutoka chumba hadi chumba bila kushuka. Fundi viatu alishona viatu huku anasafiri. Halmashauri ya mji iliweka kibao kinachosema vyumba vipite kushoto. Mashine ya tiketi iliongezewa kitufe cha chumba. Wenye nyumba walipangisha mapengo, na mapengo yalijaa.

Viwanja vilibaki na majani yake kiunoni. Kila kimoja kilizungushiwa seng'enge, na ghala la saruji likauza saruji nyingi ya nguzo. Mlinzi alihamishwa kazi. Sasa analinda kile kiwanja cha karibu na tangi la maji, kisije kikaingiliwa na chumba. Mshahara haujabadilika, ila amepewa buti.

Namba nne haijasimama tangu hapo. Saa moja kasoro asubuhi humshusha mpiga pasi kwenye lango la hospitali, saa moja na nusu humshusha Redio shuleni. Saa saba mchana hupita taratibu mbele ya kiwanja cha tangi la maji, na mlinzi hupokea chakula chake kupitia dirishani huku anatembea kando. Kisha hurudi kwenye lindo, huinua rungu na kukizuia chumba chake kwa mujibu wa kazi, na chumba hupita bila kumkasirikia. Bado Kidogo hutangulia mbele siku za Jumamosi, kwa kuwa bado hajakata tamaa, na sasa ana vyumba mia mbili nyuma yake.

Jumamosi iliyopita mpiga pasi alikuwa nyumbani. Alikuwa amesimama mlangoni, pale penye pazia, anatazama seng'enge inavyopita, nguzo baada ya nguzo, na majani marefu nyuma yake, na mbuzi. Mumewe alimpungia mkono kutoka ndani ya seng'enge. Naye akampungia.

Bibi aliinua uso kutoka kwenye nguo alizokuwa anakunja. Alikuwa amehisi chumba kinapunguza mwendo.

"Tumefika?"

Mpiga pasi alitazama tena kile kiwanja mpaka kikaisha.

"Bado kidogo, mama."

Bibi alipiga hatua nne hadi kwenye ndoo, akachota maji, akabandika chai.